Kupiga Picha Makorongo ya Wanavajo: Anza na Saa, Kamera Baadaye

Wenzetu wanaoniuliza kuhusu Antelope Canyon karibu wote huanza na swali la lenzi. Lenzi ni jambo dogo. Korongo lile liko kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, karibu na mji wa Page kaskazini mwa Arizona, na huingii bila mwongozaji mwenye kibali chao. Yeye ndiye anayeamua unaingia lini, unasimama wapi na unapewa dakika ngapi. Ukichagua saa mbaya, kamera ya dola elfu tano itakupa picha ya migongo ya watu.

Ieleweke pia kwamba unaingia kwenye nchi ya watu. Taifa la Navajo lina rais wake, baraza la kutunga sheria, mahakama na polisi, na makao makuu yake yako Window Rock. Eneo lake ni kilomita za mraba 70,000 hivi, katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah. Rwanda na Burundi ukiziunganisha hazifiki hapo. Pombe ni marufuku, hata ile uliyoificha kwenye buti la gari. Kurusha droni ni marufuku. Na ile kadi ya mwaka ya kuingilia mbuga za taifa za Marekani haipokelewi kwenye mbuga za Wanavajo, kwa sababu si mali ya serikali ya Washington. Wageni hubishana na karani getini kuhusu hilo, tena kwa sauti. Usiwe mmoja wao.

Karatasi

Ukiishi Ulaya au Ghuba, kinachohesabika ni pasipoti uliyonayo, si nchi unayoishi. Mkenya mwenye kibali cha ukaazi Ujerumani bado anahitaji viza ya matembezi ya Marekani, na foleni ya mahojiano ubalozini inaweza kuchukua miezi. Mwenye pasipoti ya Uingereza huomba ESTA, yaani ruhusa ya kuingia bila viza, kwenye intaneti, ila kuna mtego unaowanasa watu wetu: ukiwa umefika Somalia, Sudan au Yemen tangu Machi 2011, hata kwa msiba au harusi, kwa kawaida ESTA imekufungia mlango na itabidi uombe viza. Tena tangu 2025 Marekani imewawekea vikwazo raia wa nchi kadhaa za Afrika, Burundi ikiwemo, na orodha hubadilika. Isome kabla hujalipa tiketi.

Ukiishi Marekani bila uraia, tembea na kadi yako ya ukaazi. Sheria inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 18 na zaidi awe na hati zake mwilini, na safari hii itakupitisha majimbo mawili au matatu. Gari la kukodi kwa kawaida linataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Kadi ya shemeji haitakubaliwa.

Saa

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Jimbo la Arizona halisogezi saa mbele wakati wa kiangazi. Taifa la Navajo husogeza. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, ukivuka mpaka usioonekana barabarani, saa imebadilika. Page na kampuni za Antelope hufuata saa za Arizona, lakini Monument Valley, mbuga ya Wanavajo yenye miamba mirefu, hufuata saa za Navajo. Simu yako haijui siasa hiyo. Itashika mnara wa upande wowote na kukubadilishia saa usingizini. Zima mpangilio wa saa wa kujiendesha, weka saa za Phoenix, mji mkuu wa Arizona, kwa mkono ukiwa Page, kisha muulize mwenye kampuni, "Saa za nani?" Ukichelewa, kikundi kimeondoka na kurudishiwa fedha ni bahati.

Antelope ni makorongo mawili, la Juu na la Chini. Ile miale ya jua unayoiona kwenye kalenda, inayoshuka kama nguzo hadi mchangani, hupatikana Antelope ya Juu, takriban mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kati ya saa tano asubuhi na saa saba na nusu mchana, siku isiyo na mawingu. Saa hizo ndizo ghali zaidi na hujaa miezi mapema. Korongo la Juu lina umbo la herufi A: chini pana, juu ufa mwembamba, ndiyo maana jua hupenya kwa mshale. Mnaingia kwa usawa wa ardhi, baada ya kusafirishwa na gari la kampuni kwenye mchanga, na njia ni ya upande mmoja. Kurudi ni kwa nje, kwenye ngazi.

Korongo la Chini limepinduliwa, yaani jembamba chini na wazi juu. Mnashuka kwa ngazi za chuma zenye mwinuko mkali, kwa hiyo kama mama amekuja kutoka nyumbani na magoti yanamsumbua, fikirieni upya. Lakini mimi kwa picha naona la Chini ni bora. Nguzo ya mwanga kila mtu anayo, na mara nyingi ni mchanga uliorushwa hewani ili mwale uonekane. Kuta za la Chini saa mbili au saa tatu asubuhi ni habari nyingine: mwanga unadunda ukuta hadi ukuta, kila ukidunda unazidi kuwa wa chungwa, na kwenye kona ambako ni mwanga wa anga tu unaofika, jiwe linageuka zambarau. Nenda Oktoba au Novemba, watu wamepungua na kichwa hakichemki.

Kamera

Stendi, ya miguu mitatu au mguu mmoja, haziruhusiwi Antelope, wala vijiti vya selfi, wala mabegi. Ziara maalumu za wapiga picha zilizokuwepo zamani kwenye korongo la Juu zimefutwa. Kampuni nyingi hazitaki video pia. Kwenye makorongo madogo ya jirani baadhi ya kampuni huruhusu stendi, ila pata jibu hilo kwa maandishi kabla ya kulipa.

Kwa hiyo utashika kamera mkononi, gizani. Lenzi pana, milimita 16 hadi 35 kwa kamera ya sensa kubwa, na usiibadilishe ukiwa ndani. Mchanga ule ni unga, na ukiingia kwenye sensa umekwisha. Panda ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 1600 au 3200 bila aibu. Chembechembe za picha husafishika baadaye, picha iliyotikisika haisafishiki. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalihariri. Mpangilio wa rangi usiuachie kamera, kwa maana itaona chungwa na kuidhania kosa, halafu itaipooza. Weka alama ya jua au ya mawingu. Na kubwa kuliko yote, liondoe anga kwenye fremu: kipande cha anga hata cha ukubwa wa kidole huungua kikawa cheupe na jicho lote likaenda hapo.

Wenye simu, msinyong'onyee. Simu za sasa huunganisha picha kadhaa kwa mkupuo na gizani hufanya vizuri ajabu. Wanavajo wanaoongoza hukutana na simu hizi kila siku, mara nyingi watakupangia mipangilio wenyewe na kukuonyesha pa kuielekeza. Bahshishi yao usiisahau. Akina mama, kanga moja ya kufunika kamera na pua upepo ukivuma inatosha kuliko mfuko wowote wa kununua.

Mvua isiyoonekana

Wakenya watakumbuka Hell's Gate, Aprili 2012 na tena Septemba 2019, maji yalipojaa ghafla kwenye korongo na kuua watu. Antelope inalo la kwake. Tarehe 12 Agosti 1997 mvua ilinyesha kilomita nyingi kutoka hapo, maji yakaja na kuwakuta watalii ndani ya korongo la Chini. Kumi na mmoja walikufa. Ngazi za mbao zilizokuwepo zilisombwa. Zilizopo leo ni za chuma, zimefungwa kwenye mwamba, na waongozaji hufuatilia hali ya hewa ya eneo zima linalomwaga maji yake humo.

Msimu wa hatari ni Julai hadi Septemba. Ziara ikifutwa wakati kwako jua linawaka, usigombane. Jiachie siku moja ya akiba Page. Ukikwama, Horseshoe Bend iko dakika chache kwa gari: mto Colorado unaokunja kona chini yako mita 300 hivi, na kwenda na kurudi kwa miguu ni chini ya kilomita tatu. Kuwahi asubuhi kunakuepusha na jua la usoni.

Ukiwa na siku zaidi

Kutoka Page hadi Monument Valley ni mwendo wa saa mbili, kupitia Kayenta. Mbuga hiyo ni ya Wanavajo tangu 1958. Njia ya vumbi ya maili 17 unaweza kuendesha mwenyewe. Nje ya njia hiyo, lazima mwongozaji. Kupanda miamba hakuruhusiwi. Kwa siku chache za mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba, kivuli cha mwamba wa West Mitten huangukia mwenzake wa East Mitten jua linapozama, na wapiga picha hujipanga mapema kuliko wanavyoamkia kazini.

Canyon de Chelly, korongo jingine la Wanavajo karibu na mji wa Chinle, watalii wengi huiruka. Mimi nisingeiruka. Kuendesha juu kando ya ukingo ni bure, na unauona mwamba wa Spider Rock ukisimama peke yake chini. Mpiga picha Timothy O'Sullivan alipiga magofu ya kale yaitwayo White House humo mwaka 1873. Kushuka bondeni kunataka mwongozaji Mnavajo, na sababu ipo: familia zinalima na kufuga humo hadi leo. Mwaka 1864 jeshi la Marekani chini ya kamanda Kit Carson liliingia bondeni, mashamba na mipichi ikaharibiwa, na Wanavajo wakaswagwa kwa miguu hadi kambi ya Bosque Redondo, New Mexico. Walirudi baada ya mkataba wa 1868. Mwongozaji mzuri atakusimulia, ukimwacha aseme bila kumkatiza na mlio wa kamera.

Watu usiwapige picha bila kuomba, wala nyumba zao, wala kondoo wao wakiwa na mchungaji. Sisi tunajua vizuri basi la watalii linavyosimama na kumlenga Mmaasai kama twiga. Ukipewa ruhusa na mtu akaomba malipo kidogo, lipa. Picha za harusi, za nguo za kuuza au za chaneli yako inayoingiza fedha zinahesabika kuwa biashara na zinahitaji kibali cha Wanavajo, kilichoombwa mapema.

Jaza tangi kila ukifika Page, Kayenta au Chinle, hata kama lina nusu. Mtandao wa simu hukatika, kwa hiyo pakua ramani. Usiku farasi na ng'ombe hulala barabarani, basi panga ufike kabla ya giza. Njiani nunua mkate wao wa kukaanga na supu ya kondoo, mpishi wa pwani hatakuwa na la kusema. Mwenye kula halali tu afanye ununuzi Phoenix, ambako Wasomali, Wakongo na Warundi wamejaa na duka halikosekani, abebe kijokofu cha barafu na lita nne za maji kwa kila mtu kwa siku.