Sakulenti zimejaa uani? Namna ya kuuza ziada ukiwa Mtwara

Kama we ni mtu wa maua na unakaa Mtwara, iwe Shangani, Ligula, Chuno au kule Mikindani, hii hali unaijua. Ulianza na kopo moja la aloevera na jani la sneki planti (ile ya majani marefu yaliyosimama kama upanga) uliloomba kwa jirani, sasa hivi uani hakuna hata pa kuanikia nguo. Sakulenti, yaani mimea inayotunza maji kwenye majani au shina nene, ndo zilivyo, zinazaa zenyewe. Hiyo ziada usiitupe na wala usiigawe yote, inaweza kulipia maji, udongo na makopo mapya, na hela ya mboga ikabaki.

Ila kuna kitu kimoja nakisisitiza kuliko vyote: uza kile kilichozaliwa na kukulia uani kwako. Usikimbilie kununua mzigo wa Dar uje kuulangua huku, hapo unakuwa mchuuzi wa maua na hiyo ni kazi nyingine kabisa, ina mtaji wake na hasara zake. Na sababu kubwa ni hali ya hewa yetu. Zile sakulenti za majani yaliyojipanga duara mnazoziona Instagram, echeveria, asili yake ni milima ya Meksiko, zinataka usiku wenye ubaridi, ndo maana zinapendeza Lushoto, Iringa na Mbeya. Huku pwani usiku una joto na unyevu, zinarefuka shingo, majani ya chini yanalainika, mvua zikianza zinaoza. Mteja akiozewa na ua la kwanza harudi tena, na jirani yake anamwambia. Lakini ua ambalo limeshapita masika kwako na likaona kiangazi chote, hilo unaliuza kwa moyo mweupe.

Zinazoshika vizuri huku ni sneki planti za aina zote, aloevera, desert rose (waridi la jangwani, lenye tumbo nene chini), kalanchoe (ya majani mazito na maua madogo madogo), euphorbia ile ya miiba yenye maua mekundu, na ZZ (ya majani mazito yanayong'aa). Hii ZZ watu wanaiona ya kizungu kwa sababu inakaa maofisini, kumbe asili yake ni huku huku kwetu, ukanda wa mashariki mwa Afrika toka Kenya mpaka Afrika Kusini, ni Waholanzi tu ndo walianza kuizalisha kwa wingi na kuisambaza duniani mwaka 1996. Maji yake inayaweka kwenye viazi vya chini ya udongo, kwaiyo kumwagilia kila siku ni kuiua.

Sasa kuzalisha. Piga hesabu ya msimu kwanza maana Mtwara hela ina majira yake, minada ya korosho ikianza kuanzia mwezi wa kumi watu wanakarabati nyumba, wanaoa, wananunua vitu vya kupendezesha sebule. Ukitaka uwe na miche iliyoshiba wakati huo, anza kukata mwezi wa nne au wa tano mvua zikielekea kukatika. Ukisubiri mwezi wa tisa umeshachelewa, sneki planti iliyotokana na jani inaweza kukaa miezi mitatu na zaidi ndo uone kichipukizi kinachungulia.

Sneki planti ni hivi. Chukua jani zima lisilo na madoa, kata vipande vya urefu wa kidole, na kila kipande upande wa chini ukate umbo la V ili usisahau upi ulikuwa chini, kwa sababu ukikipanda kichwa chini hakitoi mizizi. Viache kivulini siku mbili tatu mpaka pale ulipokata pakauke na kufunga, ndo uchomeke kwenye mchanga. Kuna jambo wengi hawalijui: ile yenye mistari ya njano pembeni ukiizalisha kwa jani watoto wanatoka kijani tupu, njano yote inapotea. Hiyo ing'oe, itenganishe kwenye shina la chini kwa kisu kisafi, kila mtoto aondoke na mizizi yake. Ndo maana bei yake iko juu na usikubali kuishusha.

Desert rose nayo utajiri wake uko kwenye mbegu. Ukikata tawi linashika, ila lile tumbo nene la chini ambalo watu wanalilipia halitokei vizuri, mbegu ndo inakupa tumbo. Ua likishika utaona maganda mawili marefu yametokeza kama pembe, yakianza kubadilika rangi funga uzi au vika kipande cha chandarua kilichochakaa, maana siku yakipasuka mbegu zina manyoya ncha zote mbili na upepo wa hapa ukipita hupati hata moja. Zipande zikiwa mbichi mbichi, ndani ya wiki hivi zinaota. Kufika kutoa maua ni mwaka mmoja mpaka miwili, kwaiyo panda kila msimu ili usije ukakaukiwa. Vaa glavu ukikata, utomvu wake ni sumu, sehemu nyingi za Afrika watu waliutumia kwenye mishale ya kuwindia.

Aloevera haina maneno, mtoto akiwa na majani manne hivi mtoe kwa mama, mwache akauke kidogo, panda.

Udongo: jamani msichote mchanga wa ufukweni! Una chumvi. Tumia mchanga wa kujengea, uchekeche. Mimi nachanganya mchanga ndoo mbili, udongo wa kawaida ndoo moja, na ndoo nyingine iwe nusu samadi iliyooza vizuri, nusu vipande vidogo vya mkaa. Makumbi ya nazi ni mazuri lakini uliza yametoka wapi, yale yaliyofukiwa baharini kwa ajili ya kutengenezea kamba yamekunywa chumvi, yaoshe na maji yasiyo na chumvi mara kadhaa. Na maganda ya korosho usiweke kabisa, kila aliyewahi kubangua anajua yale mafuta yanavyobabua mikono, mizizi haitapona.

Vyombo visikutie gharama. Makopo ya maziwa, ndoo za rangi, chupa za maji zilizokatwa, vyote sawa almradi chini kuna matundu. Kwa sakulenti ndogo hakuna kinachopendeza kama kifuu cha nazi. Kikwangue nyuzi, kisugue kwa msasa, pasha msumari moto utoboe tundu, paka mafuta kidogo kwa nje king'ae. Wageni wanaokuja kuangalia majengo ya zamani Mikindani wanavipenda sana, na maharusi wanavichukua kwa wingi kugawia wageni meza kuu.

Bei watu wengi wanakisia tu, ndo maana wanachoka. Tuseme kopo shilingi 500, mchanganyiko wa udongo 300, rangi na kibandiko cha jina 200, hapo umeshatumia 1,000 kabla hujahesabu miezi uliyomwagilia. Ukiuza 1,500 unajidanganya. Anzia 3,000 kwa ndogo, panda kulingana na ukubwa, na zile zinazochelewa kukua ziwe na bei yake. Punguzo mpe anayechukua nyingi. Na mmea mama, ule unaokuzalia miche, usiuuze hata akija mtu na hela nzuri mkononi, mama ndo shamba lako.

Kabla hujauza, mche ukae kwenye kopo lake wiki kadhaa mpaka ukiutingisha hauchezi. Angalia kwenye makwapa ya majani kama kuna vidung'ata, vile vidudu vyenye unga mweupe. Wapo? Pangusa kwa pamba yenye spiriti, utenge mche, usiuuze mpaka uwe safi, maana unampelekea mtu ugonjwa kwenye maua yake mengine.

Kupata wateja anza na stetasi ya WhatsApp. Piga picha asubuhi jua likiwa laini, weka kiberiti pembeni ya kopo ili ukubwa uonekane, andika bei hapo hapo, hii ya "njoo inbox" inafukuza watu. Alafu kuna mali kauli, unaweka makopo matano sita kwenye saluni au duka la mtu unayemwamini, yakiuzwa mnagawana mlivyokubaliana. Andikianeni hata kwenye daftari, udugu na hela vinataka maandishi.

Mteja akikuuliza "dada, hili namwagilia mara ngapi?" usimjibu "mara moja kwa wiki" ukaishia hapo. Mwambie achomeke kidole kwenye udongo, kukiwa kukavu mpaka kifundo cha pili ndo amwagilie, na masika aliweke barazani lisinyeshewe. Muulize na yeye: nyumbani kuna watoto wadogo? kuna mbuzi? Utomvu wa mnyaa na euphorbia zingine ukiingia jichoni ni hatari, kalanchoe nayo inaua mifugo. Mwenye mtoto anayetambaa muuzie aina nyingine, hata kama alishapenda ile.

Jingine, usiende kung'oa mishubiri (jamii ya aloevera) au ZZ porini ukauze. Unamaliza msitu, na mmea wa porini uliong'olewa ukubwani mara nyingi unakufa kwa mteja. Na kama una oda ya upande wa Msumbiji usivushe kienyeji, mimea inataka cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na jamii zote za mshubiri ukiacha aloevera, pamoja na euphorbia nyingi za sakulenti, zimo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwaiyo kuna kibali kingine juu yake.

Oda za Masasi, Newala, Lindi au Dar tuma kwa basi, hapa sakulenti zinatushinda maua mengine yote kwa sababu zinasafiri bila udongo. Acha kumwagilia siku nne tano kabla, toa kwenye kopo, kung'uta udongo, zungushia gazeti kila mche peke yake, panga kwenye boksi lenye matundu na ujaze magazeti mpaka visicheze. Usitumie rambo, zimepigwa marufuku toka Juni 2019, na isitoshe joto la ndani ya buti linaziivisha. Hela ya mzigo na nauli iingie kwenye simu kwanza, ndo upeleke stendi, mpigie picha risiti umtumie mteja. Akipokea aipande kwenye udongo mkavu na asimwagilie mpaka zipite siku tano hivi, vidonda vya mizizi vifunge kwanza.