Namna ya kumpata daktari ukiwa unatumia dawa za misuli

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa nje, na jioni nabeba vyuma kama wengine, kwa hiyo malalamiko ya pande zote mbili yananifikia. Madaktari wanasema watu wa jimu wanaficha. Watu wa jimu wanasema ukifunguka unapewa mahubiri, kisha unaambiwa "acha kwanza ndiyo urudi." Wote wana hoja. Mwaka 2004 mtafiti Harrison Pope na wenzake wa Marekani walichapisha majibu ya watumiaji wa steroidi, yaani hizo dawa za kujenga misuli zinazofanya kazi kama homoni ya kiume, waliohojiwa kuhusu madaktari wao: asilimia 56 hawakuwahi kumwambia daktari yeyote kwamba wanatumia, na asilimia 40, kwa habari za dawa hizo, walimwamini muuzaji wao walau sawa na daktari yeyote waliyewahi kumwona. Muuzaji hapimi damu.

Tuelewane kwanza unatafuta nini. Hutafuti daktari wa kukuandikia dawa za kuongeza misuli. Ukiingia na ombi hilo, mlango utafungwa kabla hujakaa, na kwa haki. Unatafuta mtu ambaye ukimtajia unachojidunga hashtuki, anaandika, kisha anapima. Hahitaji kukubaliana na wewe. Mimi mwenyewe ningependa uache, na nitakupima presha vilevile.

Wapi pa kuanzia

Wengi hukimbilia daktari bingwa wa homoni, na kwa mantiki wako sahihi. Ukiingiza testosteroni, homoni kuu ya kiume, kutoka nje, ubongo huona imejaa na kupunguza homoni za LH na FSH, zile zinazoziamsha korodani. Korodani zinalala, mbegu zinapungua au zinakwisha kabisa. Huo ni uwanja wa bingwa wa homoni. Ila wengi wao siku nzima wanaona kisukari na tezi ya shingo, na mtumiaji wa steroidi kwao ni mgeni. Usimkatae, ila muulize kabla ya kwenda.

Milango ninayoiamini zaidi ni mingine. Kliniki za uzazi na madaktari wa uzazi wa wanaume wanakutana kila mara na mwanaume mwenye mwili wa kupendeza na hesabu ya mbegu sifuri. Swali la steroidi wanaliuliza bila kupepesa macho. Kliniki za watu wanaoishi na VVU nazo zina uzoefu, kwa sababu steroidi za nandroloni na oksandroloni zimewahi kutumika kuwarudishia uzito wagonjwa waliokonda sana. Na ziko huduma za kupunguza madhara kwa watu wanaojidunga, zile zinazotoa sindano safi na kupima homa ya ini na VVU. Watu wa jimu wanaziona ni za mateja, hawaendi. Huo ni ubishi wa bure: wahudumu wa pale wamezoea kusikiliza, na mara nyingi wanajua ni daktari gani wa karibu hana kisirani.

Uholanzi, mjini Haarlem, hospitali moja ilifungua kliniki maalumu ya watumiaji wa steroidi, na madaktari wake wakawafuatilia wanaume 100 kabla ya mzunguko (kipindi cha kutumia dawa), wakati wa mzunguko na baada yake. Kwa wengi homoni zilirudi ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha, ingawa si kwa wote. Kliniki za namna hiyo ni chache duniani. Usizisubiri. Daktari wa kawaida wa familia mwenye udadisi anamshinda bingwa mwenye kinyaa.

Wawili wa kuwa nao makini. Daktari wa timu ana mwajiri, na kanuni za kupambana na dawa haramu michezoni zinambana na yeye pia. Kama unashindana, muulize mapema nini atalazimika kuripoti. Wa pili ni yule wa "homoni za wanaume" anayekuuzia chupa palepale bila kipimo hata kimoja. Huyo hana ubishi, anacheka na wewe, na ndiyo maana watu wanampenda. Anayefaidika kwa kila chupa unayomaliza hatakwambia damu yako imekuwa nzito.

Piga simu kwanza

Usilipie miadi kwenda kujaribu bahati. Piga simu mapokezi, huna haja ya kutaja jina, useme hivi: "Habari za kazi. Naomba kuuliza, daktari anawahudumia watu wanaotumia steroidi za kujenga misuli, au waliowahi kutumia? Sihitaji kuandikiwa hizo dawa. Nahitaji vipimo na uangalizi."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazofungua mlango. Sisi wa upande huu tukisikia neno steroidi tunadhani mtu anataka cheti cha dawa, na wa mapokezi anajibu kwa kujihami. Ukishaliondoa hilo, kinachobaki ni mgonjwa anayetaka kupimwa.

Sikiliza jibu. "Ngoja nimuulize nikupigie" ni jibu zuri kuliko yote. "Ndiyo, anawaona" ni zuri. "Wewe njoo tu, atakuona" si jibu, rudia swali. Ukikatiwa simu, umeokoa nauli.

Kuna na suala la siri. Daktari anafungwa na siri ya mgonjwa, lakini faili linasomwa na wengi, na bima nayo inaweza kuomba kuliona. Uliza kabla hujafunguka: "Nikikueleza jambo, litaandikwaje, na nani ataliona?" Daktari mwungwana hachukizwi na swali hilo.

Siku ya kuonana

Nenda na karatasi. Andika jina la kila kitu kama lilivyo kwenye lebo, kiasi kwa wiki kwa miligramu, ni vidonge au sindano, ulianza lini, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Tarehe ya sindano ya mwisho ni muhimu, kwa sababu testosteroni inapanda na kushuka kati ya sindano na sindano, na namba bila tarehe haisomeki. Ongeza vya pembeni: insulini, klenibuterali ya kuyeyusha mafuta, dawa za kukojosha maji, dawa za kuzuia estrojeni (homoni ya kike), poda na vidonge vyote. Hata biotini ya nywele na kucha, maana kwa kiwango kikubwa inavuruga baadhi ya vipimo vya homoni. Chukua picha ya chupa. Bidhaa za magendo mara nyingi ndani si kile kilichoandikwa nje, na daktari anapaswa kulijua hilo anaposoma majibu.

Kisha liseme mwanzoni, sentensi ya kwanza au ya pili. Wagonjwa wengi huongea juu ya usingizi na chunusi dakika zote, halafu mkono ukiwa kwenye kitasa ndipo wanatupa: "Ah, daktari, halafu kuna sindano fulani natumia." Hapo nimeshamwita mgonjwa anayefuata.

Ukishasema, mwangalie anafanya nini. Usihangaike na uso wake, watu hushtuka. Angalia maswali. Anayefaa atauliza ni zipi, kwa muda gani, sindano unazitoa wapi na kama mnachangia, kama unataka mtoto, usingizi na hasira zikoje, na kama nyumbani kwenu kuna aliyekufa kwa moyo akiwa kijana. Asiyefaa anauliza swali moja tu: "Kwa nini unajiharibu?"

Halafu presha. Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana ni kazi yangu. Mkanda wa kawaida wa kupimia presha haukutengenezwa kwa mkono wa mtu anayebeba vyuma. Ukiwa mdogo kwa mkono mnene, presha inasomeka juu kuliko ilivyo. Utauona wenyewe: gundi yake inashika ncha tu, na ukijazwa hewa unaanza kuachia kwa mlio wa kuchanika. Omba mkanda mkubwa. Kaa dakika tano, miguu sakafuni, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, usiongee. Kituo kinachotoa mkanda mkubwa bila kuombwa kimeshawahi kuona miili kama yako, na hiyo ni ishara bora kuliko vyeti vya ukutani. Ukipimwa vizuri na bado iko juu, basi iko juu kweli, usijifariji na mkanda.

Vipimo vya damu navyo vinamtenganisha anayejua na asiyejua. Vimeng'enya vya AST na ALT, ambavyo wengi huviita vya ini, vinatoka pia kwenye misuli, na mazoezi mazito ya juzi yanaweza kuvipandisha. Daktari anayejua atauliza ulibeba vyuma lini, ataongeza vipimo vya CK ya misuli na GGT ya ini, kisha ndipo aseme ini lina shida au la. Kadhalika kreatinini, taka ya misuli inayochujwa na figo: mwenye misuli mingi huwa nayo juu hata figo zikiwa nzima, na sistatini C, kipimo cha figo kisichotegemea sana misuli, husaidia kukata shauri. Si kwamba ini na figo haziathiriki. Vidonge vya steroidi hasa vinaliumiza ini. Lakini ukiambiwa "figo zimekufa" kwa kipimo kimoja cha kreatinini, uliza swali la pili.

Vingine vya kutarajia ni picha kamili ya damu, kolesteroli, LH na FSH, testosteroni na estradioli (aina ya estrojeni), na kama unajidunga, homa ya ini B na C pamoja na VVU. Kwenye picha ya damu angalia hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu: hata wale wanaopewa testosteroni kihalali husimamishiwa dozi ikizidi asilimia 54, kwa kuwa damu imekuwa nzito. Kwenye kolesteroli, ile nzuri, HDL, ndiyo huanguka. Kama umetumia kwa miaka, omba moyo uangaliwe kwa mawimbi ya sauti. Utafiti wa Aaron Baggish na wenzake wa mwaka 2017 uliwalinganisha wanaume 140 wanaobeba vyuma: kwa watumiaji, chumba kikuu cha moyo kilisukuma nje wastani wa asilimia 52 ya damu kwa kila pigo; kwa wasiotumia, asilimia 63. Tumbo lenye mafungu sita halikuoneshi hilo.

Akisema "acha"

Usinune. Kuacha ni ushauri sahihi, na kila daktari mwaminifu atautoa. Kinachomtofautisha ni sentensi inayofuata. Muulize: "Nikiacha leo, utanifuatilia vipi miezi sita ijayo?" Aliyetumia muda mrefu akiacha ghafla hubaki na testosteroni chini kwa wiki, pengine miezi: nguvu hakuna, hamu ya tendo hakuna, na wengine huingia kwenye sonona nzito hadi mawazo ya kujiua. Daktari mwenye mpango atakueleza atapima lini, kama kuna dawa za kuamsha korodani atakazozifikiria, na umpigie nani moyo ukikuinamia. Ana mpango? Baki naye. Hana? Mwombe rufaa kwa maandishi kwenda kwa mwenye nao. Ombi la rufaa ni gumu kulikataa kuliko ombi la kutibiwa.

Wanawake, yenu nimeyaweka peke yake kwa sababu mwongozo wa wanaume hauwatoshi. Mnahitaji daktari wa wanawake kwenye msafara. Sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi. Hedhi ikikatika haimaanishi mimba haiwezi kuingia, na mimba ikiingia, steroidi zinaweza kuathiri maumbile ya uzazi ya mtoto wa kike aliye tumboni. Sema mapema, hata kama ulitumia kidogo.

Na yapo mambo yasiyosubiri daktari mwelewa. Maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, mguu mmoja kuvimba, macho kuwa ya manjano, sehemu ya sindano kuwa nyekundu na moto huku una homa, mawazo ya kujidhuru: nenda dharura, na useme pale mlangoni unatumia nini. Vivyo hivyo kabla ya upasuaji, mwambie mtaalamu wa usingizi. Na kama umeandikiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mwambie aliyeiandika, kwani steroidi huiongezea nguvu na unaweza kuvuja damu.

Ukimpata, usitoke bila nakala ya majibu yako na tarehe ya kurudi. Majibu ya kwanza ndiyo ya kulinganishia yatakayofuata, na madaktari nao huhama. Akija mwingine, utamkabidhi karatasi badala ya kuanza kujieleza upya.