Michanganyiko darasani: anza na dagaa, maliza na tochi

Wiki iliyopita mwalimu wa mazoezi alinifuata ofisini na gilasi mbili mkononi, uso umemshuka. "Madam, maji ya chumvi yanaonesha mwanga. Watoto wameandika koloidi. Nikiwaambia siyo, wananiuliza kwa nini niliwaambia waangalie mwanga." Koloidi ni mchanganyiko wenye chembe zisizoonekana kwa macho wala kutuama, ila njia ya mwanga huonekana ndani yake; maji ya chumvi hayapaswi kuionesha. Nilicheka, maana mimi mwenyewe, nikiwa bado mgeni kwenye kazi hapa Kigoma, nilipoteza Jumamosi nzima kwa jambo hilohilo. Tukakaa, tukalipanga upya somo la kutambua aina za michanganyiko. Ni la darasa la sita au la saba, na kidato cha kwanza linawafaa pia.

Vifaa ni hivi: gilasi sita za kioo, tochi ndogo ya balbu moja, katoni tupu, chumvi, maziwa, udongo, mawese, na kikombe cha dagaa wakavu ambao hawajachambuliwa. Video za simu sizitaki. Mtoto anaikumbuka video, mchanganyiko anausahau.

Hatua ya 1: Dagaa kwanza, majina baadaye

Mwaga dagaa mezani pamoja na mchanga wao. Waite watoto watatu, kila mmoja achote konzi moja na kuhesabu. Mmoja atapata dagaa wengi, mwingine mchanga mtupu na kichwa cha dagaa. Kisha koroga chumvi kwenye maji mpaka ipotee, uchote vijiko vitatu: kila kijiko ni sawa na mwenzake. Hapo ndipo unaandika ubaoni "usio sare" na "sare". Ukianza na maana za kunakili, watakariri kwamba sare ni "usioonekana sehemu zake", halafu maziwa yatawaangusha.

Chumvi isionjwe, hata kama wote wanajua ni chumvi. Siku nyingine gilasi itakuwa na kitu kingine.

Hatua ya 2: Maswali matatu, kwa mpangilio huu

Je, naona sehemu zake kwa macho? Nikiuacha utulie, kuna kinachotuama chini au kupanda juu? Nikipitisha mwanga, njia yake inaonekana ubavuni?

Maji ya chumvi yanajibu hapana mara tatu: huo ni mmumunyo. Maji ya udongo yanakubali mawili ya kwanza: hiyo ni suspensheni (darasa langu wameipa jina la "mtuamo", na nimewaachia). Maziwa yanakataa la kwanza na la pili, yanakubali la tatu: koloidi. Usiruhusu mtoto aruke swali. Anayekimbilia tochi ataita kila kitu koloidi.

Hatua ya 3: Kutuama

Usitumie tope la mtoni. Tope laini kama la Malagarasi lina chembe za mfinyanzi ndogo kiasi kwamba kipindi kitaisha maji yakiwa bado na rangi ya chai ya maziwa, nawe unahubiri kwamba yatatuama. Chukua udongo wa bustani wenye mchanga. La sivyo, andaa gilasi moja jana yake na nyingine mbele yao, uziweke pamoja. Chupa ya dawa ya maji iliyoandikwa "tikisa kabla ya kutumia" ni mfano mzuri kuliko wote, kwa sababu kila nyumba wanaijua na hawajawahi kujiuliza kwa nini itikiswe.

Hatua ya 4: Tochi

Hapa ndipo Jumamosi yangu ilipoishia.

Chembe za mmumunyo ni ndogo kuliko nanomita 1 (sehemu moja ya bilioni ya mita), mwanga unapita kana kwamba hazipo. Za koloidi ni kati ya nanomita 1 na 1,000 hivi, zinautawanya mwanga pembeni, ndiyo maana unaona mstari. Jambo hili limepewa jina la John Tyndall, mwanafizikia wa Ireland wa karne ya 19. Watoto wa huku wameliona bila jina: taa za wavuvi wa dagaa usiku wenye ukungu.

Darasa letu halina mapazia, kwa hiyo tunatumia katoni. Toboa ubavu mmoja tundu la upana wa penseli, bandika tochi hapo. Kata dirisha dogo kwenye ubavu wa jirani, siyo ule unaotazamana na tochi. Gilasi inakaa ndani, mtoto anachungulia dirishani. Akichungulia akiwa ameielekea tochi ataona mng'ao tu na kusema "naona mwanga", na kweli anauona. Tochi ya simu inamwaga mwanga kila upande. Ukikosa nyingine, iwekee karatasi ya manila yenye tundu. Kalamu za leza zisiingie darasani kabisa, macho ya watoto hayana spea.

Sasa kosa lenyewe. Chumvi ya mawe ina vumbi na uchafu usioyeyuka. Baadhi ya chumvi laini za pakiti nazo zina viambato vya kuzuia isigande, na maji yanakuwa na ukungu mwembamba. Macho hayauoni, tochi inauona. Nilibadilisha tochi, nikabadilisha gilasi, nikachuja kwa kitambaa kipya kikaniachia nyuzi, hali ikazidi. Kilichosaidia ni kuyeyusha chumvi jioni kwenye maji ya moto, kuiacha usiku kucha bila kuigusa, na asubuhi kumimina taratibu maji ya juu tu. Kama huna usiku mzima, tumia sukari nyeupe.

Hata hivyo usiache hapo. Pima kwanza maji matupu, yaleyale utakayochanganyia. Maji ya bomba baada ya mvua yana mstari wake mwenyewe. Maji yaliyomiminwa sasa hivi yana vipovu vya hewa, subiri dakika kumi. Gilasi yenye mikwaruzo inashika mwanga kwenye ukuta wake. Kwa hiyo swali la tatu tumeliandika upya: "Mstari unaonekana zaidi kuliko kwenye maji matupu?" Mwalimu wangu wa mazoezi alikuwa hajapima maji matupu.

Maziwa: matone mawili au matatu kwa gilasi nzima ya maji. Ukijaza maziwa, mwanga hautafika popote. Ukipatia, mstari ubavuni una ubuluu kidogo, na darasa zima litataka kuchungulia mara mbili. Tenga muda huo.

Hatua ya 5: Mawese

Asubuhi ya baridi, chupa ya mawese inakuwa na matabaka mawili: mafuta mekundu juu, mazito ya njano chini. Ukiiweka juani, mchana yamekuwa kitu kimoja. Ni sare au si sare? Niliwahi kulikwepa swali hili, sasa ndilo ninaloanzia mjadala. Mawese ni mchanganyiko wa mafuta mbalimbali, mengine yanaganda mapema kuliko mengine, kwa hiyo jibu lazima litaje wakati na joto. Mtoto akiandika "asubuhi si sare, mchana sare" mpe alama zote.

Hatua ya 6: Kutenganisha

Kupepeta, kuchuja, kuvukiza. Wameshafanya nyumbani. Kwa kuvukiza taja Uvinza, hapahapa mkoani Kigoma, ambako maji ya chemchemi za chumvi yalichemshwa vyunguni kwa karne nyingi.

Hatua ya 7: Kuwapima

Panga gilasi na vikombe vinane visivyo na majina, kimoja kiwe kitupu, kina hewa tu. Jina la kundi alama moja, sababu alama mbili. Wengi watakiruka kile kitupu. Mwaka jana mmoja alikiandikia: "Sare, ila mwalimu alipofagia jana kilikuwa si sare." Nilimpa tatu.