Miwaridi na jua la Oktoba Dodoma
Wenye miwaridi Dodoma, jua la Oktoba na Novemba lisiwatishe. Mwagilieni mara mbili au tatu kwa wiki, lakini kwa kushibisha: ndoo nzima kila shina, alfajiri, maji yazame chini kabisa. Maji kidogo kidogo ya kila siku hulea mizizi ya juujuu, na huko ndiko udongo unakoungua. Tandazeni nyasi kavu, ila zisiguse shina. Majani yakianza vidoadoa vya manjano, geuzeni jani. Mkiona utando mwembamba kama wa buibui, hapo pana utitiri, vidudu vidogo sana vinavyofyonza majani. Pigeni maji kwa nguvu upande wa chini, asubuhi. Kupogoa sana kungojee mvua. Na maua ya mezani yakateni mapema, yakiwa yamefunguka nusu. Yakishapigwa na jua la saa sita, harufu nyingi imeshapotea.