"-me-" si "have" kila mahali: zoezi la wiki mbili kwa wanaojifunza Kiingereza ngazi ya kati

Wengi wakishavuka hatua za mwanzo za Kiingereza hukwama kwenye silabi moja ya Kiswahili: "-me-". Wamekariri kwamba "amefika" ni "he has arrived", basi kila "-me-" wanaibandika "has". Abiria aliyelala kwenye siti anakuwa "has slept", na mgeni anayesikiliza anaelewa kwamba ameshaamka.

Andaa daftari, kalamu na dakika 20 kila siku kwa siku 14.

Anza kwa kukusanya sentensi 30 zenye "-me-". Usizitunge, zisikilize: stendi, sokoni Mwanjelwa, au kwenye meseji za kundi la familia. Ziandike kama zilivyosemwa. "Basi limejaa." "Viazi vimepanda bei." "Mama ameenda Tunduma." "Umeme umerudi saa nne." Sentensi za kutunga hufanana mno, na matatizo yenyewe hayajitokezi.

Kisha pima kila sentensi kwa neno "bado". Hapa ndipo penye kazi yote, usiharakishe. Liweke mbele ya kitenzi, useme kwa sauti. "Bado amelala", "bado amesimama", "bado limejaa", "bado nimechoka": sikio linakubali, kwa sababu "-me-" hiyo inataja hali ambayo mtu au kitu kimo ndani yake sasa hivi. Kiingereza hapo hutumia "is" au "am": "He is asleep." "He is standing." "The bus is full." "I am tired." Vivyo hivyo "amevaa kitenge" ni "she is wearing a kitenge", wala si "she has worn". Sasa jaribu "bado amefika" au "bado amenunua". Sikio linakataa. Hilo ni tukio, lipeleke kwenye kipimo cha pili.

Kipimo cha pili: je, sentensi imetaja wakati uliokwisha? Ukikuta jana, juzi, saa nne au mwaka fulani, "have" inatoka. Kiswahili cha mazungumzo kinavumilia "umeme umerudi saa nne"; Kiingereza hakivumilii. Sema "The power came back at ten." Na saa nne ni "ten", si "four"! Anayeongoza wageni Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, aseme "Mkwawa's skull was returned in 1954", asiseme "has been returned in 1954". Pasipo wakati, "have" au "has" inakaa vizuri: "The price of potatoes has gone up." "Mother has gone to Tunduma."

Sasa funga jozi. Mazungumzo ya Kiingereza mara nyingi hufungua habari kwa "have", halafu maelezo yanafuata kwa wakati uliopita:

"The bus has left."
"When did it leave?"
"It left at six."

Andika jozi tano za namna hii kila siku, uzisome kwa sauti. Makosa mawili hurudi sana: "When has it left?", ambayo haifai kwa kuwa swali la lini linadai wakati uliopita; na "did it left", ilhali "did" imeshabeba wakati, kwa hiyo kitenzi kinarudi umbo la kwanza.

Pembeni, kariri vitenzi vitano kwa siku katika maumbo yake matatu: go, went, gone, take, took, taken. Kwa siku 14 ni vitenzi 70. Angalia matamshi ya "-ed". "Worked" ni silabi moja, mwisho unasikika "t". "Cleaned" huishia "d". Vinavyoongeza silabi ni vile tu vinavyoishia na sauti ya "t" au "d", kama "wanted". Mazoea yetu ya kumalizia neno kwa irabu huongeza "i" mwishoni, nayo huharibu usikivu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mafinga: Kamwene mwalimu. "Ninaishi hapa tangu 2015" haina "-me-". Kwa nini "I am living here since 2015" nimekatwa?

Jibu: Kamwene. Hapa mtego umegeuka. Jambo lililoanza zamani na bado linaendelea, Kiingereza hulipa "have": "I have lived here since 2015." "Since" hufuatwa na mwanzo wa jambo, "for" hufuatwa na urefu wake: "for three years", kamwe si "since three years". Ukisema "I am here for three years", msikilizaji ataelewa kwamba utakaa miaka mitatu.

Kutoka Tukuyu: Nimeandika "I have gone to Ruaha twice". Kosa liko wapi?

Jibu: "Gone" ni aliyekwenda na hajarudi. Wewe umerudi, dada, kwa hiyo ni "I have been to Ruaha twice." "Amewahi kwenda" pia ni "has been".

Kutoka Uyole: "Hajafika" na "ameshafika" je? Kwenye filamu za Marekani nasikia "Did you eat yet?"

Jibu: "He hasn't arrived yet" na "He has already arrived." Wamarekani huweka wakati uliopita pamoja na "yet" na "already", na kwao si kosa. Kwenye mtihani wa hapa andika "Have you eaten yet?"

Kutoka Igurusi: Nisaidieni hii: "Lori limeharibika Chimala tangu jana."

Jibu: "Bado limeharibika" inakubalika, kwa hiyo ni hali, na kwa kawaida ungeweka "is". Lakini "tangu" inaivuta "is" kuwa "has been": "The lorry has been broken down at Chimala since yesterday." Ukitaka kutaja tukio lenyewe, acha "tangu": "The lorry broke down at Chimala yesterday."