Kutengeneza polianilini, plastiki inayopitisha umeme, hatua kwa hatua

Kama unataka kuona kwa macho yako plastiki inapitisha umeme anza na polianilini jamani, usikimbilie poliasetilini, plastiki nyingine inayopitisha umeme, ile ndo iliyowapa wanasayansi Heeger, MacDiarmid na Shirakawa Nobel mwaka 2000 sawa, lakini ikikaa kwenye hewa inaharibika. Polianilini unapikia kwenye maji tu, joto la kawaida la chumba, ila fanyia maabara, vaa glavu na miwani maana anilini, malighafi yake, ni sumu, inapenya ngozi na kuizuia damu isibebe oksijeni vizuri.

Nunua anilini haidrokloraidi, ile ya unga, ni rahisi kushika kuliko ya maji yenye mvuke. Pima gramu 2.59 uyeyushe kwenye maji yaliyokenekwa mpaka ufike mililita 50. Bika nyingine weka amoniamu pasalfeti gramu 5.71, hiyo ndo inayounganisha molekuli za anilini ziwe mnyororo mrefu, nayo yeyusha kwa maji hadi mililita 50. Acha zote zitulie saa moja, changanya, koroga kidogo, alafu usizibe chombo kwa nguvu kwasababu inatoa joto.

Sasa kaa uangalie rangi! Mwanzo utadhani hakuna kinachoendelea, usiongeze kitu, subiri tu, baada ya muda inageuka bluu, inakolea sana, mwisho inakuwa kijani na joto linapanda kabisa ukishika bika unalisikia. Acha hadi kesho yake.

Kuchuja na kuosha ndo watu wengi wanaharibu, hata mimi mara ya kwanza niliosha kwa maji mengi nikidhani usafi ndo ubora, kumbe maji yanaondoa asidi, na asidi ndo kila kitu hapa: inaipa nitrojeni protoni ndipo chaji zinapata njia ya kutembea kwenye mnyororo. Kwahiyo osha kwa asidi haidrokloriki ya 0.2 M (moli 0.2 kwa lita), mililita 100 mara tatu, kisha asetoni, anika, malizia oveni ya vakyumu 60°C.

Gandamiza unga uwe kidonge, pima na maltimita. Ikienda vizuri unapata kama siemens 4 kwa sentimita, hicho ni kipimo cha jinsi kitu kinavyopitisha umeme. Alafu loweka kidonge kwenye amonia, kinageuka bluu na umeme unashuka mara mabilioni, ukirudisha kwenye asidi kijani kinarudi na umeme unarudi, mi hapa sichoki kuangalia.

Ukishazoea ndo uende kwenye kopolima za kupishana, yaani plastiki zenye monoma (vipande vya mnyororo) za aina mbili zinazofuatana kwa zamu, mfano F8BT. Pale monoma moja ina boroni ncha zote mbili, nyingine ina bromini, na kwenye mmenyuko wa Suzuki, unaounganisha kaboni na kaboni, ncha yenye boroni inaungana na ncha yenye bromini tu, boroni na bromini zenyewe zinatoka, kwahiyo monoma zinapishana zenyewe A-B-A-B. Unahitaji paladiamu kama kichocheo, oksijeni isiingie, na mizani nzuri sana, maana moli (idadi ya molekuli) za monoma zote mbili zisipokuwa sawa kwa sawa mnyororo unabaki mfupi.