SOMO: Kuweka sheria za ACL kwenye ruta bila kujifungia nje

Wakuu, kila wiki inboksi ni ileile: "Nimeweka ACL, mtandao mzima umekufa." ACL ni orodha ya sheria zinazoiambia ruta pakiti (vipande vya data) zipi zipite na zipi zizuiwe. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia kiungo cha hapa.

Mfano wetu ni ofisi ya Ngamiani, Tanga, yenye ruta ya Cisco. Wafanyakazi wako 192.168.10.0, wageni wa Wi-Fi wako 192.168.20.0. Wageni wapate intaneti, wasiguse kompyuta za ofisi.

1. Ingia kwenye ruta, hifadhi usanidi uliopo: `write memory`

2. Andika `reload in 10`. Msiruke hapa! Unaiambia ruta ijiwashe upya baada ya dakika 10. Sheria mbovu ikikukata, unasubiri tu: ruta itaamka na usanidi ule uliohifadhi, na mlango utafunguka. Ukiwa Tanga mjini unarekebisha ruta ya tawi la Pangani kwa mbali, hatua hii ndiyo inayokuepusha na nauli ya basi. Onyo: usihifadhi chochote katikati, maana ukihifadhi kosa ruta itaamka nalo. Onyo la pili: fanya baada ya saa za kazi, ruta ikijiwasha wote wanakatika.

3. Andika sheria:

```
ip access-list extended WAGENI
 10 permit udp any eq 68 any eq 67
 20 deny ip 192.168.20.0 0.0.0.255 192.168.10.0 0.0.0.255
 30 permit ip 192.168.20.0 0.0.0.255 any
```

Ruta inasoma kutoka juu kwenda chini; pakiti ikikutana na mstari unaoihusu, hukumu imepita. Ukitanguliza wa 30, wa 20 hautasomwa kamwe. Mwishoni kuna mstari usioonekana unaokataa kila kilichobaki. Ndiyo maana ya ule wa 10: simu inayoomba anwani bado inatumia 0.0.0.0, kwa hiyo wa 30 hauihusu.

Hiyo 0.0.0.255 ni maski iliyogeuzwa: penye 0 namba lazima ilingane, penye 255 namba yoyote inakubaliwa. Ukiandika 255.255.255.0 kwa mazoea, ruta haitalalamika, itasoma kinyume.

4. Ibandike kwenye intafesi (mlango wa ruta) ya wageni: `ip access-group WAGENI in`. Hiyo `in` ni kuingia kwenye ruta, si kuingia kwa mgeni.

5. Jaribu kwa simu, kisha `show access-lists` uone hesabu zikipanda.

6. Imekubali? `reload cancel`, halafu `write memory`.

MASWALI

fundi_chuda: Mkuu nimefuata yote, haifanyi kazi.

Mwandishi: "Haifanyi kazi" ndiyo nini? Weka hapa majibu ya `show access-lists`.

fundi_chuda: Siwezi kuingia. Nilianzia hatua ya 3, hizo za juu niliona za kuhifadhi tu.

Mwandishi: Nenda ilipo, zima, washa. Kama ulihifadhi kosa, beba na waya wa konsoli, ule wa kuunganisha kompyuta moja kwa moja na ruta. Hatua ya 2 sikuiweka kujaza nafasi.

dada_raskazone: Habari kaka, asante kwa somo. Kwangu wageni wanapata anwani lakini kurasa hazifunguki. Seva ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) iko 192.168.10.5. Ni mstari wa 20?

Mwandishi: Ndio huohuo dada, umeona vizuri. Namba tuliziachia nafasi kwa kazi hiyo. Ingiza kabla yake:
`15 permit udp 192.168.20.0 0.0.0.255 host 192.168.10.5 eq 53`
Weka na wa 16 kwa tcp, majibu makubwa ya DNS hupita huko.

dada_raskazone: Na mgeni akijaribu kuingia kwenye ruta yenyewe, 192.168.20.1?

Mwandishi: Swali zuri, mstari wa 30 unamruhusu. Andika `access-list 5 permit 192.168.10.0 0.0.0.255`, kisha chini ya `line vty 0 4` (njia za kuingia kwenye ruta kwa mbali) weka `access-class 5 in`. Ukiwa unaingia kutoka nje ya mtandao wa ofisi, ongeza anwani yako kwanza. Na `reload in 10` tena!

kijana_muheza: Hii inazuia wageni kuchunguzana wao kwa wao?

Mwandishi: Hapana. Hawapiti kwenye ruta, wanamalizana hukohuko kwenye Wi-Fi. Kazi hiyo ifanye kwenye kifaa cha Wi-Fi chenyewe.

mzee_wa_nyaya: Sisi wa ruta za MikroTik je?

Mwandishi: Bonyeza Ctrl+X kwenye terminali kabla ya kuanza, ukikatika, mabadiliko yanafutika yenyewe. Ukimaliza salama, Ctrl+X tena. Ila huko hakuna ule mstari usioonekana: pakiti isiyo na sheria inapita. Wa kukataa uuandike mwenyewe, mwisho kabisa.